Majina Yetu Yabaki Pwani Kabla ya Kung'oa Nanga



Kusi haina huruma, na sisi sote wa pwani hii, tangu Vanga mpaka Kiunga, twaijua. Huanza kuvuma mwezi wa Aprili, na tangu Juni mpaka Agosti bahari huchafuka, mawimbi husimama, na mashua ndogo haina pa kujificha ila nyuma ya miamba. Hayo ni mambo ya Mungu, wala hakuna chama cha wafanyi kazi kiwezacho kuugomea upepo. Lakini twataka kusema wazi katika karatasi hii kwamba wenzetu hawapotei baharini kwa sababu ya upepo peke yake. Hupotea pia kwa sababu ya mambo yaliyoachwa bila kutengenezwa pwani, kabla chombo hakijatweka tanga wala kuwasha mashine. Na mambo ya pwani hayakuletwa na upepo. Yameletwa na watu, na watu wanaweza kuyatengeneza.

Tuulize swali moja tu. Chombo kikitoka leo usiku na watu sita ndani yake, ni nani pwani ajuaye majina ya hao sita? Mwenye chombo amjua nahodha. Nahodha aliwachukua mabaharia pale pale ufukweni. Mmoja aliugua saa ya kuondoka, akaingia kijana mwingine aliyekuwa akingojea kazi. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyeuliza wanakwenda kuvua upande gani wala watarudi saa ngapi. Chombo kisiporudi siku ya kwanza, watu husema labda wamekwenda kuuza samaki bandari nyingine. Siku ya pili husema labda mashine imeharibika nao wamelala kisiwani. Siku ya tatu ndipo wazee huanza kutazamana, na mama mmoja mtaa wa pili haelewi kwa nini mwanawe hajaja nyumbani, maana hata hakuambiwa alipanda chombo gani.

Sasa tufanye hesabu. Wakati wa kusi, upepo na mkondo wa maji huelekea upande mmoja, yaani kaskazini. Mashine ikizimika nje ya Malindi, chombo huchukuliwa kuelekea Lamu, kisha Kiunga, kisha Somalia. Mkondo ukiwa wa maili 2 tu kwa saa, siku moja ni maili 48, na siku tatu ni maili 144. Kwa hiyo yule aliyengoja siku tatu kabla ya kupiga simu amewafanya waokoaji watafute chombo cha futi 25 katika bahari iliyo pana kuliko wilaya nzima. Aliyepiga simu baada ya saa sita anawapa mahali pa kuanzia.

Tena bahari yetu ina neema moja. Maji yake ni ya vuguvugu. Katika bahari za baridi kali za kaskazini mwa dunia, mtu aliyetumbukia bila nguo za kumkinga anaweza kufa kwa baridi upesi sana. Hapa kwetu mtu mwenye kitu cha kumwelesha anaweza kukaa majini saa nyingi akiwa hai. Bahari inatupa muda. Sisi pwani ndio tunaoupoteza.

Hatusemi kwamba Serikali haikufanya lolote. Mwaka 2006 kilifunguliwa Mombasa kituo cha kusimamia uokoaji baharini. Mwaka 2018 kikaanzishwa Kikosi cha Walinzi wa Pwani. Twataka boti zao ziwe nyingi zaidi na ziwe karibu na wavuvi, nasi hatutaacha kulidai jambo hilo. Lakini hata wangekuwa na boti mia moja, hawawezi kumtafuta mtu ambaye hakuna aliyewaambia kwamba amepotea.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikadiria kwamba wavuvi 24,000 hufa kazini kila mwaka. Mwaka 2022 wachunguzi wa FISH Safety Foundation walisema kwamba idadi hiyo yazidi 100,000. Je, bahari imekuwa kali mara nne? Sivyo. Wachunguzi hao walieleza kwamba vifo vingi haviandikwi, hasa vya wavuvi wa vyombo vidogo katika nchi maskini. Mfanyi kazi asiyeandikwa akiwa hai haandikwi akifa. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Na mvuvi ambaye jina lake haliko katika karatasi yoyote ni kama hakuwapo.

Wako watakaosema kwamba kuandika majina ni mchezo wa ofisini, wavuvi wana shida kubwa kuliko hiyo. Tuwape habari ya wenzetu wa Hull, mji wa bandari huko Uingereza, ambao walikuwa wakivua bahari ya barafu karibu na Iceland. Tarehe 10 Januari 1968 meli yao moja, St Romanus, iliondoka na watu 20. Haikuwa na mtu wa kazi ya redio. Iliacha kusikika tangu siku ile ile ya kuondoka, lakini wenye meli hawakutoa habari ya kwamba imepotea mpaka tarehe 26. Siku 16! Wakati huo meli ya pili, Kingston Peridot, nayo ikapotea na watu 20. Tarehe 4 Februari ya tatu, Ross Cleveland, ikapinduka katika tufani, akapona mtu mmoja tu. Katika majuma machache walikufa wavuvi 58 wa mji mmoja.

Waliosimama hawakuwa wakubwa. Walikuwa wanawake: wake, mama na dada wa wavuvi. Aliyewaongoza, Bibi Lillian Bilocca, alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha samaki. Walikusanya sahihi 10,000 kwa siku chache. Walikwenda gatini kuangalia kama kila meli inayotoka ina mtu wa redio, na Bibi Bilocca alipojaribu kurukia meli isiyokuwa naye, polisi wakamshika wakamzuia. Walikwenda London wakaonana na mawaziri. Walidai kila meli iwe na mtu wa redio, wadai meli ya kusaidia yenye matibabu na habari za hewa, wadai mafundisho ya usalama. Wakasikilizwa upesi kuliko ilivyozoeleka. Bibi Bilocca mwenyewe alipoteza kazi yake na kuletewa barua za matisho, lakini desturi ya meli kwenda baharini bila mtu wa redio ilivunjwa.

Iko na sehemu ya pili ya habari hiyo, nayo yatuhusu zaidi. Wavuvi wa Hull walihesabiwa kuwa vibarua. Kila safari ilikuwa mapatano mapya. Basi katika miaka ya 1970, Iceland ilipoipanua bahari yake na meli za Hull zikafungwa, wavuvi walioitumikia kazi hiyo miaka 20 na 30 waliambiwa hawana haki ya malipo ya kuachishwa, kwa kuwa wao ni vibarua. Walidai miaka mingi. Mwaka 2000 ndipo Serikali ya Uingereza ilipotangaza mpango wa kuwalipa, na wakati huo wengi walikwisha kuingia kaburini.

Hapa kwetu jina ni jingine lakini ujanja ni ule ule. Mvuvi haitwi kibarua, huitwa mshirika. Samaki wakiuzwa, kwanza hutolewa gharama za petroli, barafu na chambo. Kisha hutolewa fungu la chombo na nyavu, ndilo la mwenye chombo. Kinachobaki hugawanywa kwa nahodha na mabaharia. Kwa hiyo mwenye chombo husema, "Hawa si watu niliowaajiri. Mimi na wao tuna shirika." Neno zuri sana! Lakini chombo kikiuzwa, baharia hupewa fungu lake katika bei? Hapewi. Akivunjika mguu kwa kamba ya nanga, shirika hilo humpeleka hospitali? Mara nyingi humpeleka kwao. Huu ni ushirika wa hasara bila ushirika wa mali.

Na maneno hayo yana matokeo katika sheria. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyi kazi wake bima, na mtu akifa kwa ajali ya kazi jamaa zake wanaomtegemea wastahili kulipwa kiasi cha mshahara wa miezi 96. Lakini sheria hiyo yamtaja mfanyi kazi kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira kwa mapatano ya kazi. Mvuvi wa fungu huachwa mlangoni. Mjane akienda kudai, huulizwa karatasi ya mshahara, naye hana ila deni la mchele dukani.

Basi sikilizeni vizuri, ndugu, maana hapa ndipo penye nguvu yetu. Mwaka 2007, Geneva, ILO ilipitisha Mkataba wa Kazi ya Uvuvi, namba 188. Kenya iliukubali mkataba huo mwaka 2022. Na Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kwamba mkataba uliokubaliwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Mkataba huo wasema nini? Wasema mvuvi ni kila mtu afanyaye kazi katika chombo cha kuvua, pamoja na yule anayelipwa kwa fungu la samaki. Hao washirika wetu wa hasara wametajwa humo waziwazi.

Tena wasema chombo kiwe na orodha ya watu waliomo, na nakala iachwe pwani kwa mtu aliyewekwa kabla ya safari, au ipelekwe mara tu baada ya kuondoka. Wasema mtoto wa chini ya miaka 16 asipelekwe kazi hiyo, isipokuwa kwa ruhusa chache zilizowekwa. Wasema mvuvi awe na mapatano ya kazi anayoyafahamu. Kwa vyombo vinavyokaa baharini zaidi ya siku tatu, wasema mtu apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Na hili liwasikie wenzetu wanaokwenda katika meli kubwa za ng'ambo, ambao hufanyishwa kazi mpaka mikono ikasahau kamba. Wasema mtu akiumia au akifa kazini pawe na matibabu na fidia. Na wasema neno moja ambalo twataka kila nahodha alijue: mwenye chombo hana ruhusa ya kumzuia nahodha kufanya uamuzi ambao nahodha, kwa ujuzi wake, auona ni wa lazima kwa usalama.

Twajua kwamba mkataba waruhusu nchi ambayo haijajiweza kuyatimiza baadhi ya mambo hayo hatua kwa hatua. Vema. Lakini hatua kwa hatua maana yake ni kutembea, si kusimama. Daftari la kuandikia majina na kalamu havihitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Sasa tuwajibu wenye vyombo, maana wengine wao si watu wabaya, na wengine walikuwa mabaharia kama sisi. Husema samaki wamepungua, petroli imepanda, majaketi ya kuokolea maisha yatawafilisi. Sisi twajibu hivi. Mashine ikiharibika hutengenezwa kwa fungu la chombo, wala baharia hadaiwi. Nyavu zikichakaa hununuliwa nyingine kwa fungu la chombo. Jaketi ni sehemu ya chombo kama usukani ulivyo. Tochi isiyoingia maji, filimbi, kioo cha kuonyesha ishara, redio ya kuitana, maji ya akiba, vyote ni sehemu ya chombo. Tajiri akisema hana uwezo wa kununua majaketi sita, basi ana uwezo wa kuchukua watu wangapi? Achukue watu kwa kadiri ya majaketi aliyonayo.

Na habari ya nahodha. Sote twafahamu jinsi mambo yanavyokwenda. Tajiri amekwisha kuwakopesha mabaharia fedha za chakula. Safari isipokwenda, deni lakaa. Nahodha atazama mawingu, asema leo hapana. Anaambiwa, "Wako manahodha wengine." Basi huenda, si kwa sababu haijui bahari, bali kwa sababu alijua deni. Methali yasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi twaongeza kwamba chombo chenye nahodha mmoja baharini na mwingine wa kuamrisha kutoka dukani chaenda mrama pia. Nahodha akikataa kutoka kwa ajili ya hali ya bahari, asinyang'anywe chombo. Na baharia akikataa kupanda chombo kinachovuja au kisichokuwa na majaketi, asiandikwe mvivu.

Baada ya kuwaambia matajiri, yatupasa kuambiana wenyewe. Wako wenzetu wanaopewa majaketi wakayafanya mito ya kulalia, au wakayafunika kwa barafu na samaki. Husema lazuia mikono wakati wa kuvuta nyavu. Husema, "Mimi najua kuogelea tangu utoto." Ndugu, mtu aliyepigwa na foromali kichwani hajui kuogelea. Mtu aliyenaswa mguu na nyavu usiku hajui kuogelea. Wengine husema ajali haina kinga. Ni kweli kwamba ajali haina kinga, lakini mtu huyo huyo huikalafati mashua yake kila mwaka na kuipaka sifa. Kwa nini asingoje tu kudura? Kumtegemea Mungu hakukatazi kuziba tundu.

Liko na jambo gumu, nasi hatutalificha. Wavuvi wengine huikimbia orodha kwa sababu hawana leseni, au kwa sababu wametoka Pemba kwa msimu na waogopa kuulizwa karatasi zao. Kwao daftari la majina ni mtego wa polisi. Hofu hiyo ina sababu, na hautakuwako usalama mpaka iondolewe. Kwa hiyo twadai daftari la safari liwe mbali na daftari la leseni. Likae kwa kamati ya wavuvi, ile ya BMU, katika kila diko, lifunguliwe kwa ajili ya kutafuta waliopotea na si kwa kazi nyingine. Ndugu zetu wa Pemba huvua pamoja nasi Vanga, Shimoni, Watamu na Malindi, na jamaa zao wako ng'ambo ya mkondo, hawana njia ya kusikia habari zao ila kwetu. Majina yao yaandikwe pamoja na ya wenyeji, na kijiji cha nyumbani kiandikwe pia. Bahari haimwulizi mtu kitambulisho.

Na ni nani wa kulishika daftari hilo? Tazameni ufukweni asubuhi. Mama karanga wamekaa na ndoo zao wakingojea samaki wa kukaanga. Wao ndio wajuao kila chombo kwa rangi yake, na wao ndio wa kwanza kusema, "Fulani leo amechelewa." Hawana cheo, lakini wana macho. Twashauri kila kamati imchague mmoja wao, imlipe kitu kidogo, ashike daftari na simu. Wanawake wa Hull waliikomboa kazi ya waume zao. Wa kwetu wanaweza pia, wakipewa nafasi.

Basi haya ndiyo tunayoyataka, nasi twaomba kila tawi liyajadili na kuyapeleka kwa wenye vyombo na kwa maofisa wa Serikali:

1. Chombo kisitoke mpaka majina ya wote waliomo, upande wanaokwenda, saa ya kurudi na simu ya jamaa viandikwe pwani. Saa sita zikipita baada ya saa ya kurudi, habari zipelekwe kwa Walinzi wa Pwani bila kungoja kesho.

2. Kila mtu awe na jaketi lake, linunuliwe kwa fungu la chombo, livaliwe wakati wote wa kazi.

3. Neno la nahodha juu ya hali ya bahari liwe la mwisho, na asiadhibiwe kwalo.

4. Serikali itengeneze sheria ya fidia ili mvuvi wa fungu ahesabiwe kuwa mfanyi kazi, kama mkataba wa namba 188 unavyomhesabu.

5. Wakaguzi wa vyombo waje madikoni kabla ya kusi, wasingoje maiti zije pwani.

Makuli wa Mombasa nao waliitwa vibarua. Mtu aliitwa leo, kesho hajulikani. Mwezi wa Januari 1947 wafanyi kazi wa mji huo waligoma siku 12, na katika miaka ya 1950 makuli wa bandari wakaanza kuandikishwa, kila mmoja kwa jina lake. Hawakupewa hayo kama zawadi. Walikubaliana kwanza wao kwa wao kwamba kila mmoja ni mtu wa kuhesabiwa.

Nasi tuanze hapo. Kabla ya kumwendea Waziri, kabla ya kumwendea tajiri, kila tawi linunue daftari moja juma hili. Safari ya kwanza itakayotoka, majina yaandikwe. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu twapajua. Tupafunge wenyewe, kisha tudai mengine tukiwa tumesimama pamoja.

Umoja ni nguvu.